Viatu Chini ya Kitanda, Viatu Chini ya Bahari

Jumamosi iliyopita tuligawa nguo za Anti Rosa katika chumba chake kule Kawangware. Tulikuwa tumerudi kutoka mazishini siku nne kabla, na jamaa walioko Nairobi walikaa kitandani na kwenye viti vya plastiki huku vitu vikitolewa sandukuni kimoja kimoja: vitenge, sweta mbili, gauni la kanisani, skafu ya kijani ambayo hakuna aliyewahi kumwona ameivaa. Kila kitu kiliinuliwa, kikatajwa kuwa ni cha Rosa, kikapewa mtu. Ndivyo tufanyavyo. Nguo za marehemu hazibaki sandukuni. Hupewa ndugu, na ndugu huzivaa. Mwisho kabisa binamu yetu aliingiza mkono chini ya kitanda akatoa viatu vyeusi vya ngozi, kamba zikiwa bado zimefungwa. Akaviweka mezani. Watu wakanitazama mimi badala ya kutazama viatu. Mdogo wangu Beryl, aliyekuwa amekaa karibu nami, alinigusa goti. Jamaa zetu hawasahau. Kila mmoja mle ndani alijua habari za mwaka nilioficha viatu vya mama, na nadhani walitaka kuona kama ningefanya tena.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, Beryl kumi na mitatu, na Evans, kitinda mimba wetu, minane. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili ili kumsaidia mama kuuza viatu vya mitumba katika soko la Toi. Mwezi wa tatu mama alikwenda hospitali kupimwa kifua na hakurudi. Nilipofika wodini, nesi alinipa mfuko wa plastiki wenye leso yake, kitambulisho chake na viatu vyake. Yule nesi alikuwa amevivua bila kufungua kamba, hivyo juu ya kila kiatu fundo lilikuwa vilevile, kama mama alivyolifunga asubuhi ile akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda chetu katika mtaa wa Lindi, hapa Nairobi, akituambia tusimalize uji wote. Fundo hilo ni la sokoni. Kibandani mama alitundika viatu kwenye waya, pea kwa pea, na fundo lake lilikuwa na tabia mbili: mwizi akivuta kiatu, linakaza; mwenye mali akivuta ncha moja fupi inayojificha chini, linafunguka mara moja. Alifunga viatu vyake mwenyewe hivyohivyo kwa mazoea. Mimi nilijua ncha ni ipi. Hilo ndilo lililonisumbua mwaka mzima: ilikuwa kazi ya kuvuta mara moja tu, na baada ya hapo hakuna mtu ambaye angeweza kulirudisha fundo lile.

Kwa hiyo siku ya kugawa nguo za mama nilivificha viatu. Niliviweka ndani ya ndoo ya unga iliyokuwa tupu, nikaifunika, nikakaa karibu nayo. Jamaa walijaa kile chumba chetu hadi wengine wakasimama kwenye kichochoro. Nguo ziligawiwa, vyombo vikaachwa, na hakuna aliyeuliza habari za viatu. Baada ya chai Anti Rosa, dada mkubwa wa mama, alizungumza mambo yetu sisi watatu mbele ya kila mtu, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. Beryl angekwenda kukaa naye Kawangware. Evans angepelekwa nyumbani kwa mjomba, karibu na ziwa. Mimi ningetafuta maisha yangu. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amelea watoto wa watu wengi na alijua chumba kimoja kinabeba nini. Nikamwambia hapana. Sijui nguvu ile niliitoa wapi, maana kwetu binti wa umri wangu hamwambii hapana mtu kama Anti Rosa mbele ya wazee. Akauliza nitawalisha nini. Nikasema nitafanya kazi. Akasema kibarua cha leo na kesho si kazi. "Shule zikifungwa mwisho wa mwaka nitakuja na mfuko," akasema. "Ukinionyesha barua ya kazi, nitarudi na mfuko wangu. Usiponionyesha, nitabeba nguo za watoto."

Kazi niliipata kupitia jirani yetu, ambaye binti yake alikuwa amesikia kwamba ofisi moja Kawangware inachukua vijana ambao hawakumaliza shule na kuwafundisha kompyuta. Kila asubuhi nilimwacha Evans kwa mama wa mandazi aliyekuwa jirani na shule yake, nikapanda kilima hadi mtaa wa Ayany, nikavuka barabara ya Ngong na kuendelea kwa miguu. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi na bucha, katika jengo la mzee mmoja Mkikuyu ambaye familia yake ilikuwa na shamba hapo kabla Kawangware haijawa mji. Mzee huyo alikaa mlangoni kila asubuhi akikagua viatu vyetu, asije mtu akampandishia matope kwenye ngazi zake. Msimamizi wetu, Wambui, alikuwa mjukuu wake. Alikuwa na miaka kama ishirini na mitano, mrefu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa amesoma chuo kikuu mambo ya bahari ingawa alizaliwa umbali wa hatua mia mbili kutoka pale na hakuna maji yoyote karibu isipokuwa mtaro.

Kazi yenyewe niieleze kwa ufupi. Watu wa nchi za mbali walikuwa wanashusha mashine zenye taa na kamera hadi chini kabisa ya bahari, mahali ambapo binadamu hawezi kufika, kupiga picha za meli zilizozama. Picha zilikuwa nyingi mno. Walitaka kompyuta ijifunze kuzitambua yenyewe, na ili ijifunze, kwanza mtu alipaswa kukaa na kila picha, kuchora kisanduku kuzunguka kila kitu na kukipa jina: mbao, chuma, kamba, chombo, kiumbe, kifusi. Mtu huyo alikuwa sisi. Tulikuwa kumi na wawili katika chumba kimoja chenye pazia nene ili skrini zionekane vizuri, na harufu ya bucha ikipanda kupitia dirishani. Tulibishana siku nzima. Nakumbuka nusu saa nzima ya kazi ilipotea kwa sababu Brayo, kijana wa mtaa wa Sarang'ombe aliyekaa kushoto kwangu, alishikilia kwamba kitu fulani cha duara ni sufuria, na msichana wa upande wa pili akashikilia kwamba ni jiwe.

"Sufuria haina mfuniko?" yule msichana aliuliza.

"Meli ilikuwa inazama, siste. Nani anakumbuka mfuniko?"

Kilikuwa kiumbe. Kilipofika kwenye picha ya tatu kilikuwa kimesogea.

Meli ya kwanza tuliyopewa ilikuwa ya mbao, na ilikuwa na mamia ya miaka. Ilisimama wima kwenye tope kana kwamba imeegeshwa. Mlingoti ulikuwa juu. Kamba zilikuwa zimezungushwa kwenye vigingi vyake. Ukikuza picha uliona alama za patasi za fundi kwenye mbao. Sote tulidhani ni ya juzi. Wambui alitueleza, akiwa amesimama na kikombe cha chai, kwamba katika bahari ile maji ya chini hayachanganyiki na ya juu, hivyo hayana hewa, na mdudu anayetoboa mbao hawezi kuishi bila hewa. Hakuna kinachooza kwa sababu hakuna kinachopumua. Brayo alisema huku kwetu mchwa wangeimaliza meli hiyo kabla ya Pasaka, na kwamba nguzo ya mlango wao ina miaka mitatu na tayari unaweza kuitia kidole. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa naitazama ile meli kama mtu anavyotazama nyumba ambayo angetaka kuhamia. Kila kitu kilikuwa mahali kilipoachwa. Sikuwa nimejua kwamba jambo hilo linawezekana mahali popote.

Sasa nikikumbuka naona wazi nilichofanya baada ya hapo, ingawa wakati ule sikukiona. Nilianza kukitunza chumba chetu kama ile meli. Kikombe cha mama kilitundikwa kwenye msumari wake na hakuna aliyekunywa nacho. Upande wake wa kitanda haukulaliwa, na sisi watatu tulibanana upande wa ukuta tukisikia redio ya jirani kupitia mabati. Kalenda ya ukutani ilibaki mwezi wa tatu. Siku moja Evans alifunua karatasi hadi mwezi wa tano kwa sababu mwalimu alikuwa amewaambia waangalie siku za mapumziko, na nilimkaripia mpaka akatoka nje. Tangu siku hiyo alikuwa akienda kwa mama wa mandazi kuuliza ni tarehe ngapi. Viatu nilivitoa kwenye ndoo, nikavifunga kwa plastiki mbili, nikavisukuma chini ya kitanda hadi ukutani. Beryl alijua viko huko.

Siku nyingine wakati wa chakula cha mchana nilikuwa nikienda kwa Anti Rosa, kwa kuwa chumba chake kilikuwa karibu na ofisi na yeye hakupenda nile githeri, mahindi na maharagwe ya barabarani. Aliniwekea ugali na omena, dagaa wa ziwani, waliokaangwa kwa nyanya nyingi, na kunitazama nikila bila kuniuliza mengi. Mwezi wa saba, kama sikosei, nilikuwa nje ya mlango wake naosha sahani niliyotumia kula, naye alikuwa ndani na mwanamke mmoja wa kanisani kwao. Yule mwanamke alinisifu, akasema si wasichana wengi wangebeba mzigo ule. Anti akasema kwa Kijaluo, polepole, kwamba nina moyo, hilo halina ubishi, lakini siwalindi wadogo zangu. "Analinda kaburi," akasema. "Amewafungia watoto ndani yake." Niliendelea kuosha sahani ambayo ilikuwa imeshatakata. Nilimkasirikia kwa wiki kadhaa, nikala githeri ya barabarani.

Meli ya pili ilikuja baada ya ile ya mbao kumalizika. Ilikuwa ya chuma, kubwa, iliyozama zamani lakini si zamani sana, katika bahari kuu, kwenye kina kirefu kuliko cha kwanza. Nilidhani chuma kingekuwa kimekaa vizuri zaidi kuliko mbao. Haikuwa hivyo. Wambui alisema maji ya huko yana hewa, na kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyokula chuma. Kutu ilikuwa imening'inia kutoka kwenye kuta za meli kama nta inayotiririka kwenye mshumaa. Sitaha zilikuwa zimeporomoka. Lakini pembeni yake, kwenye mchanga, vitu vidogo vilikuwa vimelala bila kuguswa: sahani zenye maua pembeni, chupa zenye vizibo, buli. Brayo aliuliza watu walikwenda wapi, maana sahani zipo na walaji hawapo. Wambui alijibu kwa utaratibu wake uleule. Nyama huliwa upesi. Mifupa hubaki kwa muda, lakini maji ya kina kile yana upungufu wa chokaa na huifyonza kutoka kwenye mfupa kidogokidogo mpaka unakwisha. "Huko chini hutaona mtu," akasema. "Usimtafute."

Hata hivyo kulikuwa na jina la mwisho kabisa kwenye orodha yetu: mabaki ya binadamu. Mwongozo ulisema litumike tu pale mfupa unapoonekana. Aliyelitumia ovyo angerudishiwa picha na kupoteza alama, na alama ndizo zilizoamua nani angepewa mkataba wa mwaka na nani angeambiwa asante. Barua ile ambayo Anti Rosa alitaka kuiona ilikuwa kwenye kabati la Wambui, bila jina. Nafasi zilikuwa sita kati yetu kumi na wawili. Mimi nilikuwa wa nne.

Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, mwezi wa tisa. Picha ilionyesha mchanga, vipande vya makaa ya mawe, na viatu viwili. Buti fupi za ngozi, rangi ya tope. Zililala karibu, visigino vikielekeana, ncha za mbele zimegeuka nje, kimoja kimeinama kidogo kuliko kingine. Kwa mwongozo vilikuwa kifusi. Mtu mwingine angechora kisanduku na kuendelea. Tulitakiwa kumaliza picha nyingi kwa saa. Mimi nilikuza picha. Kamba zilikuwa zimefungwa. Kila kiatu kilikuwa kimefungwa peke yake, juu kabisa, kwa fundo lililokazwa. Nikaondoa mkono kwenye kipanya nikaegemea kiti.

Nieleze jambo ambalo kila muuza viatu wa Toi anajua. Viatu vya mzigo havifungwi hivyo. Vikija kwenye robota, kamba za kiatu cha kushoto hufungwa na za kiatu cha kulia, nyayo kwa nyayo, ili pea isipotee. Au kamba huwa zimelegezwa na kusukumwa ndani. Kiatu cha mtu aliyekivua kabla ya kulala kina kamba zilizolegea na ulimi umetoka nje. Kiatu ambacho kamba zake zimekazwa mpaka juu, kila upande peke yake, kinasema jambo moja tu: mguu ulikuwa ndani. Na viatu viwili vilivyoanguka kutoka melini, kimoja kimoja, kupitia maji yote yale, haviwezi kufika chini vikiwa pea, visigino vikitazamana. Vilifika pamoja kwa sababu kulikuwa na kitu kati yao kilichovishikanisha. Nikachora kisanduku kimoja kuzunguka viatu vyote viwili na mchanga mtupu uliokuwa juu yake, urefu wa mtu aliyelala. Nikaandika: mabaki ya binadamu.

Picha ilirudi mchana huo. Nikaandika tena vilevile. Ikarudi. Siku tatu zilizofuata nilikutana na pea nyingine nne, nami nikafanya vilevile, na kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani jina langu likashuka kutoka nafasi ya nne hadi ya tisa. Brayo alinishauri niache. Alisema wazungu wakitaka viatu viwe mawe, viwe mawe, mtu akule. Wambui aliniita kwenye kona alikokaa.

"Millicent, hapa si Toi," alisema. "Orodha inasema mfupa. Umeona mfupa?"

"Sijaona."

"Sasa?"

"Wewe ulisema mifupa inaisha. Mfupa ukiisha na kiatu kibaki, mtu alikuwa wapi?"

Nikamweleza habari ya kamba, ya robota, ya pea. Alisikiliza akiwa ameegemea kabati. Nikamwambia pia kwamba nina viatu vya mama yangu nyumbani, vimefungwa hivyo, na kwamba najua tofauti. Sikutaka kusema hilo, lilitoka lenyewe. Akaniuliza kwa nini nisiandike tu kifusi, nipate mkataba, na haya mengine niyaweke moyoni mwangu. Lilikuwa swali la haki. Nilikuwa na Beryl na Evans, na wiki kumi tu zilibaki kabla Anti hajaja na mfuko. Nikamwambia siwezi kumwita mtu kifusi. Kompyuta ingejifunza kutoka kwangu, na mashine ya kesho ingempita mtu yule juu kwa juu, au kumnyakua kwa mkono wa chuma kama inavyonyakua sahani. Wambui akavuta kiti. "Kaa basi," akasema. "Twende polepole. Wewe sema, mimi naandika Kiingereza."

Jibu la wenye picha lilichukua wiki tatu. Katika wiki hizo mvua ya vuli ilianza mapema, na Lindi ikawa tope. Kiatu cha shule cha Beryl kilifunguka mbele kama mdomo. Nilikibandika kwa gundi, kikafunguka. Nikakishona kwa uzi wa robota, kikapitisha maji kwenye matundu ya sindano. Jioni moja alirudi soksi zimelowa hadi kwenye vifundo, akaketi kwenye kigoda, na bila kunitazama akasema mguu wake sasa ni namba sita. Mama alivaa namba sita. Nilielewa na nikajifanya sikuelewa. Nikamwambia nitamtafutia pea nyingine sokoni. Alisema sawa. Evans, aliyekuwa anaandika hesabu zake juu ya kitanda, aliuliza kama mama angekuja kuvichukua. Hakuuliza kwa uchungu. Alitaka kujua tu mpango ni upi.

Wambui aliposoma jibu alisoma kwa sauti, mbele ya wote, akitafsiri kadiri alivyosoma. Wataalamu walikuwa wamezitazama zile picha tano na walikubali. Ngozi iliyotiwa dawa ya kuizuia isioze haipendwi na viumbe wa baharini, walieleza, ndiyo maana inabaki mwenyewe akiwa ametoweka. Mwongozo uliongezwa mstari: viatu pea, vikiwa vimefungwa na vimelala pamoja, vihesabiwe kuwa mahali pa mtu, mashine isikaribie, isiguse, isichukue. Hawakutaja jina la yeyote. Brayo akaniinamia akasema, "Haya, mama viatu, umetunga sheria ya bahari." Alama zangu zilirudishwa. Mwisho wa mwezi wa kumi nilipewa barua yenye jina langu, nikashuka nayo ngazi nikiwa nimeiweka ndani ya blauzi, na yule mzee wa mlangoni akaniambia leo angalau viatu vyangu ni visafi.

Anti Rosa alikuja Jumapili baada ya kanisa, mara tu shule zilipofungwa. Alikuja na mfuko kama alivyosema, ule mkubwa wa mistari. Alikaa kwenye kigoda, akapokea chai, nikampa barua. Alivaa miwani, akaisoma yote, mstari kwa mstari, akaikunja vizuri na kunirudishia. Nilisubiri aseme neno. Alikuwa anatazama miguu ya Beryl, aliyesimama karibu na mlango kwenye zile ndala zake za bafuni, kisha akatazama kile kiatu kilichoshonwa, kimeegemezwa ukutani kukauka.

"Barua nimeiona," akasema. "Viatu vya Helida viko wapi?"

Helida lilikuwa jina la mama.

"Nyathina, mwanangu, mimi niligawa nguo za dada yangu kwa mikono yangu. Unadhani sikuona hakuna viatu? Nilijua siku ileile. Nikasema acha, ana uchungu, atavitoa mwenyewe. Mwezi wa nne, wa tano. Sasa mtoto huyu anakanyaga maji tangu mvua ianze, na viatu viko chini ya kitanda." Hakupandisha sauti. Alitazama kikombe kwenye msumari, kisha kalenda. "Mwezi wa tatu," akasema. "Hapa ndani bado ni mwezi wa tatu. Mimi siogopi kwamba utawanyima chakula."

Nilitaka kumweleza ile meli ya mbao, jinsi inavyowezekana kitu kikakaa vilevile mamia ya miaka. Lakini wakati huohuo niliyasikia maneno ya Wambui na nikajua ningekuwa nasema nini: kwamba inawezekana mahali ambapo hakuna kinachopumua. Ndani ya chumba kile tulikuwa wanne tunapumua. Kule chini nilipigania viatu visiguswe kwa sababu mwenyewe hakuwa na ndugu wa kumfikia. Mama alikuwa na ndugu wanne ndani ya hatua tatu, mmoja wao miguu imelowa. Nilipiga magoti, nikanyoosha mkono hadi ukutani, nikautoa mfuko. Plastiki ilikuwa na unyevu kwa ndani. Ngozi ilikuwa imeota ukungu mweupe, na pembeni mwa kiatu cha kulia ilikuwa imeanza kupasuka, kama kiatu chochote kinavyopasuka kikifungiwa. Mimi, muuza viatu, nilijua hilo tangu mwanzo. Anti akanisogezea kitambaa. Nikafuta ukungu. Nikatafuta ncha fupi kwa kidole, ya kushoto kwanza, nikavuta. Ikafunguka. Nikavuta ya kulia.

Beryl aliketi kitandani, upande wa mama, akaingiza miguu ndani. Vilimtosha. Alifunga kamba mwenyewe, kwa fundo la sokoni, bila kufundishwa na mtu; alikuwa amemtazama mama akilifunga miaka yote kama nilivyomtazama mimi. Sikuwa nimefikiria hilo hata mara moja. Evans alipanda juu ya kiti, akafunua kalenda karatasi moja moja hadi mwezi wa kumi na moja, akinitazama kila alipofunua. Anti Rosa alimaliza chai yake. Akaikunja ile mifuko yake, maana kulikuwa na mwingine ndani ya ule mkubwa, akaitia kwapani, akasema anachelewa.

Tuliishi sisi watatu kwenye chumba kile miaka sita zaidi. Kazi ya picha iliisha baada ya minne, ilipohamishiwa nchi nyingine, na nikarudi Toi, ambako niko hadi leo. Beryl alivivaa vile viatu mpaka soli ikaisha, tukaibadilisha, ikaisha tena. Viko wapi sasa hakuna ajuaye. Wale wa baharini bado wako pale, nadhani, visigino vikitazamana, na mashine zinapita mbali.

Jumamosi, walipokuwa wote wananitazama, nilivivuta viatu vya Anti Rosa kutoka mezani nikaviweka mapajani. Fundo lilikuwa lilelile. Labda mama alilitoa kwake, au yeye kwa mama, sikuwahi kuuliza. Nilishika ncha fupi kwa muda mfupi tu, nikavuta, moja, ya pili, nikatanua ndimi na kupuliza vumbi ndani kama ninavyofanya kila siku kibandani. Kisha nikaviinua juu ili wa nyuma waone, nikauliza nani anavaa namba saba.